Vidole Vyangu na Rula Yao

Hebu nyosha mkono wako wa kulia. Pima kidole cha shahada, kuanzia mkunjo wa chini hadi nchani. Pima na cha pete. Sasa gawanya cha kwanza kwa cha pili. Mimi nina milimita 68 kwa 71, yaani 0.96 hivi. Kwa namba hiyo, huku kwetu Milepa nimekosa mume.

Siku ya posa, shangazi wa upande wa kijana alinishika mkono akaugeuzageuza kama achaguaye samaki. "Binti huyu ana mikono ya kiume," akasema. "Atampanda mumewe kichwani." Vijana wa kijiweni nao wakadakia: eti hata Wazungu wamethibitisha, msichana mwenye kidole kirefu cha pete ni dume. Posa ikafa. Mama alilia, maana ng'ombe walikuwa wameshahesabiwa.

Haya, hao Wazungu walisema nini? Mwaka 1998 John Manning na wenzake, kule Liverpool, walitangaza vipimo vyao: wanaume wastani 0.98, wanawake 1.00. Walidhani chanzo ni homoni anazozipata mtoto akiwa bado tumboni. Lakini wastani ni wastani, jamani! Wako wanawake tele chini ya 0.98, na wanaume tele juu ya 1.00. Tena Manning huyohuyo alikuta kwamba taifa na taifa hutofautiana kuliko mwanamume na mwanamke. Na mwaka 2016 Coren Apicella na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe, wawindaji wa hapahapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Wanaume wale hawakuonekana kuwa na vidole vya "kiume" zaidi ya wanawake wao. Na upinde wanauvuta!

Basi rula hainitishi. Kinachonitisha ni mdomo unaoisoma. Kule Rwanda wakoloni walipima pua na vimo, wakaamua nani kazaliwa kutawala na nani kazaliwa kutawaliwa. Sensa ya 1933 na 1934 ikafuatiwa na vitambulisho vyenye kabila la mtu. Mwaka 1994, neno moja kwenye kitambulisho lilitosha kumuua mtu kizuizini. Sisi bondeni hatujafika huko, lakini mnadani nasikia: Msukuma yuko hivi, Mfipa yuko vile, tazama miguu yake! Watu wanacheka. Mimi sichekagi.

Riwaya yangu inakwenda polepole kwenye kauntabuku. Shujaa wake ni mwanamke mlima mpunga anayedai shamba la marehemu baba yake. Sijaandika urefu wa pua yake wala wa vidole. Nimeandika anachokitaka, na nani anamzuia. Wewe nawe unayeandika, mhusika wako akiingia mlangoni, mwache kwanza aseme shida yake.