Tulivyokwenda Kuona Bahari

Mji wetu wa Lubumbashi una vitu vingi, lakini hauna bahari. Tunao mto Lubumbashi, tunao mto Kafubu. Na mwenye gari aweza kufika Kasenga akaone mto Luapula na wavuvi wake. Bahari iko mbali. Nchi yetu ya Kongo inayo pwani yake upande wa magharibi, kule Moanda, lakini ni fupi, haifiki kilomita 50. Na njia ya kutoka kwetu hata kule ni ndefu na mbaya. Kwa hiyo shaba yetu hupita njia nyingine. Malori mengi huipeleka mashariki. Huvuka mpaka wa Kasumbalesa, hupita nchi ya Zambia na nchi ya Tanzania, hata bandari ya Dar es Salaam. Safari hiyo ni ya kilomita 2,000 hivi.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori katika njia hiyo. Alipoondoka, mama alitwaa kopo tupu akatia ndani punje moja ya mahindi kila jioni. Mara nyingine punje zilifika 30, mara nyingine 40, kabla hatujasikia honi ya baba njiani. Mama hakusema neno. Lakini sisi watoto tulijua ana hofu, kwa sababu hakujua njia ile inapita wapi, wala mume wake analala wapi.

Baba alijua hofu yake. Basi, mwezi wa Julai mwaka 2012, shule zilipofungwa, alipata likizo. Mjomba wangu alikuwa na gari dogo. Baba akasema, "Safari hii twende sote. Mtaona kwa macho yenu." Tulikuwa watu watano: baba, mama, mjomba, mdogo wangu wa kike, na mimi niliyekuwa na miaka 12. Tulichukua hati za safari, kadi za chanjo ya homa ya manjano, mablanketi, sufuria, na unga wa kupikia bukari.

Huko Kasumbalesa niliona jambo la kwanza la ajabu. Malori yamepangwa mstari mmoja mrefu, na madereva wamekaa chini ya magari yao wakipika. Baba akatuambia, "Hapa mtu aweza kungoja siku nyingi. Mama wa watoto, punje zako nyingi za mahindi zimeliwa hapa." Mama akatazama mstari ule kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

Tulipovuka tu, mdogo wangu akapiga kelele, "Baba, umekosa njia! Magari yote yanatujia!" Baba akacheka. Kwetu Kongo magari hupita upande wa kuume wa barabara. Huko Zambia na Tanzania hupita upande wa kushoto. Dereva anayevuka mpaka lazima abadili upande mara moja, na asisahau hata akiwa na usingizi. Hapo nikafahamu ya kuwa kazi ya baba si ya mikono tu, bali ni ya akili pia.

Tukapita Chingola, Kitwe na Ndola, miji ya shaba kama mji wetu. Usiku tukalala Kapiri Mposhi. Hapo ndipo inapoanza reli ya Tazara, iliyojengwa toka mwaka 1970 hata 1975. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860, nayo huishia Dar es Salaam. Mama aliongea na watu wa huko kwa Kibemba, maana alikijua tangu utoto. Lakini Kiswahili hatukukisikia tena. Siku ya pili tukapita Serenje, tukalala Mpika. Siku ya tatu ilikuwa misitu tu na vijiji vidogo, na wanawake wanaouza uyoga na makaa kando ya njia. Mdogo wangu akauliza, "Lugha yetu imekwisha?"

Jioni tukafika Nakonde, tukavuka tukaingia Tunduma katika nchi ya Tanzania. Baba akasogeza saa yake mbele kwa saa moja, kwa maana huko jua huwahi kuchomoza kuliko kwetu. Mara kijana mmoja mwenye kapu la ndizi akaja dirishani akasema, "Karibuni wageni, habari za safari?" Tulitazamana. Tulikuwa tumesafiri zaidi ya kilomita 1,000, na huku mwisho Kiswahili kinatungojea! Mdogo wangu alifurahi hata akanunua ndizi nyingi kupita kiasi.

Kesho yake tukapita Mbeya na Makambako, tukalala Iringa. Siku ya tano tukashuka mlima wa Kitonga. Njia inazunguka kama nyoka. Upande mmoja ni jabali, upande mwingine ni shimo kubwa. Malori yanapanda polepole kuliko mtu aendaye kwa miguu. Mama alifumba macho. Baba akamwambia, "Ukishuka kwa gia ndogo, hapana neno. Haraka ndiyo inayoua." Chini ya mlima kuna mibuyu mingi sana, minene kama nyumba. Baadaye tukapita katika mbuga ya Mikumi, iliyowekwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Barabara inapita katikati ya wanyama kwa kilomita 50 hivi. Tuliona swala, punda milia na twiga, na tembo wawili waliosimama karibu na njia kama watu wanaongoja basi.

Usiku tukaingia Dar es Salaam. Asubuhi baba akatupeleka Kivukoni, mahali watu wanapovukia kwenda Kigamboni. Hapo niliona bahari. Sikuweza kusema neno. Meli moja kubwa, ndefu kuliko njia yetu nyumbani, ilikuwa ikitoka bandarini polepole. Baba akasema, "Mzigo wangu huishia hapa. Shaba inaingia melini, inakwenda nchi za mbali kufanywa nyaya za umeme. Mimi narudi nyumbani kwenu." Mama akamshika mkono.

Siku iliyofuata tukaenda Bagamoyo, mji wa zamani ulio kaskazini, kama kilomita 70 toka Dar es Salaam. Huko zamani misafara ilianza na kumalizika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwa miguu toka bara, miezi mingi. Watumwa pia waliletwa kwa minyororo, wakavushwa kwenda Unguja. Watu husema jina la mji huo latoka katika maneno "bwaga moyo". Mpagazi alibwaga moyo kwa kuwa amefika, apumzike. Mtumwa aliubwaga moyo wake kwa huzuni, kwa kuwa hataiona tena nchi yake. Neno ni moja, lakini furaha na machozi vimo ndani yake. Mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga misioni hapo, wakawapokea watumwa waliokombolewa. Mwaka 1874 maiti ya msafiri Livingstone ilifikishwa hapo. Chuma na Susi na wenzao waliibeba kwa miguu toka kijiji cha Chitambo, upande wa Serenje, tulikopita sisi kwa gari. Sisi tulitumia siku tano toka Lubumbashi. Wao walitumia miezi mingi.

Nyumba tuliyolala Bagamoyo ilikuwa ya mzee mmoja, aliyekuwa baharia katika ujana wake. Jioni mdogo wangu alimwomba mjukuu wake, "Unipe mayi." Kwetu Lubumbashi ndivyo wengi wanavyosema, mayi, yaani maji. Mtoto akaenda mbio, akarudi na mayai mawili katika sahani! Watoto wote wa nyumba wakaangua kicheko. Mdogo wangu akainama, akanyamaza.

Basi mjomba akataka kuleta mazungumzo mengine. Akasema, "Mzee, bibi yangu amezaa mapacha mwaka huu." Mzee akashtuka, akaweka kikombe chini. "Bibi yako! Ana miaka mingapi?" Mjomba akajibu, "Ishirini na minane." Baba alicheka hata machozi yakamtoka. Kwetu bibi ni mke. Kule bibi ni mama wa baba au mama wa mama. Mzee alipofahamu, naye alicheka, na mdogo wangu akainua kichwa.

Ndipo mzee akawaambia wajukuu wake maneno ambayo sijayasahau. "Msimcheke mgeni. Nilipokuwa baharia nilifika Lamu. Huko wazee hawasemi maji, husema mai. Hawasemi moja, husema moya. Hawasemi kuja, husema kuya." Mdogo wangu akaruka, "Hata sisi tunasema moya! Hata sisi tunasema kuya!" Mzee akasema, "Umesikia? Hicho nacho ni Kiswahili."

Kisha baba akaeleza jinsi Kiswahili kilivyofika kwetu. Zamani za misafara, Msiri, mtu wa Unyamwezi, alifika Katanga kwa biashara ya shaba na pembe, akajenga mji wake Bunkeya, akatawala mpaka alipouawa mwaka 1891. Watu wake na wafanya biashara wa pwani walikuja na lugha hii. Baadaye, mwaka 1910, reli ilifika katika mji wetu uliokuwa mpya, ukiitwa Élisabethville. Watu wa makabila mengi wakaja kufanya kazi katika migodi, wakahitaji lugha moja ya kusikilizana. Kiswahili kikapokea maneno ya Kibemba, ya Kiluba na ya Kifaransa, kikawa chetu.

Asubuhi mama alikwenda sokoni. Aliomba sombe, mwuzaji hakufahamu, mpaka akaonyesha kwa kidole majani ya muhogo. "Ah, kisamvu!" Aliomba lengalenga, akapewa jina la mchicha. Alipoona majani ya viazi vitamu, aliuliza, "Haya mnaitaje?" Yule mwanamke akajibu, "Matembele." Mama akapiga makofi. "Hata kwetu ni matembele!" Basi wakacheka kama ndugu, na mwuzaji akamwongezea fungu moja bure.

Tulirudi nyumbani salama. Toka siku ile mama hakutia tena punje katika kopo. Aliandika majina katika karatasi, akaibandika ukutani: Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Mpika, Tunduma, Iringa, Dar es Salaam. Jioni aliweka kidole juu ya jina moja akasema, "Leo baba yenu amefika hapa." Njia ilikuwa ndefu vile vile, na foleni ya Kasumbalesa ilikuwa ile ile, lakini hofu yake ilipungua, kwa maana sasa alijua mume wake yuko wapi.

Watoto, si kila mtu aweza kwenda hata baharini. Lakini kila mmoja wenu anamjua mtu aliyesafiri: dereva, mfanya biashara, au mzee aliyekuja mjini zamani kutafuta kazi. Mwulizeni alipita wapi, alilala wapi, watu wa huko wanaitaje maji na mboga. Andikeni majina hayo. Na mgeni akija darasani kwenu na Kiswahili cha namna nyingine, msimcheke. Mwulizeni kwanza neno lake limetoka wapi.