Wageni Wetu Irente

Rafiki zetu kutoka Ujerumani walitamani kujitolea juma moja katika makao ya watoto ya Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, ambako ndugu zetu Walutheri hulea watoto wadogo, wakiwamo waliofiwa na mama zao. Tuliwasindikiza kwa furaha. Hata hivyo tuliwaomba jambo moja: wafue nepi na kukoroga uji, kubembeleza wawaachie walezi. Mtoto aliyempoteza mama hajui kalenda. Mgongo aliouzoea ukiondoka Jumamosi, kwake ni msiba wa pili. Mmoja wao alinung'unika (safari ilikuwa ndefu, tulimwelewa). Siku ya tatu tulimkuta kambani akianika nguo, mlezi akimfundisha salamu za Kisambaa.