Neno la Ireland Katika Spring Valley

Msomaji, siku moja toka Westlands ufuate barabara ya Lower Kabete hadi Spring Valley. Ukisikia nyuma ya ua mtoto mmoja akiitwa Andrew na wa jirani Narendra, utadhani majina hayo hayajuani. Kumbe ni ya ukoo mmoja, na jamaa yao yuko Ireland!

Huko nguvu ni "neart". Wataalamu wa lugha wanalirudisha kwenye shina la kale sana, "ner", la mwanamume na nguvu zake. Wagiriki walipata "aner", mwanamume, likazaa Andrew, yule Andrea wa Biblia. Kisanskriti kikapata "nara", mtu. Narendra ni bwana wa watu.

"Nguvu" yetu ni ya Kibantu, haimo katika ukoo huo. Methali ndizo zilizokutana. Waairishi husema hakuna "neart" pasipo kushikana; sisi, umoja ni nguvu.

Lakini karne ya 19 watoto wengi wa Ireland walichapwa shuleni kwa kusema Kiairishi, nacho kikadidimia. Wengi wetu hapa tulivishwa kibao shingoni kwa kosa hilohilo. Basi muulize mwanao leo: kwao nyanya, nguvu huitwaje? Wakikuyu husema "hinya", Wajaluo "teko".