Mitungi Sita

Stima ilipopotea, Susu alikuwa amebakisha saa moja na nusu kwenye mashine. Taa zilizimika, feni ikasimama, mashine ikaanza kulia. Sista alikuja mbio, akashika mpini mdogo na kuanza kuzungusha pampu kwa mkono ili damu isigande ndani ya mirija. Kwa kama dakika moja hivi, maisha ya nyanya yangu yalitegemea mkono wa mtu. Kisha jenereta ikanguruma, tukapumua.

Susu akanigeukia. "Mwana wakwa, hii stima si inatoka kwetu?"

Nilicheka kwa sababu ya woga. Yeye hakuwa anatania. Sisi ni watu wa Kivaa, kule Masinga, upande wa Machakos unaopakana na mto Tana. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981, na ndilo la juu kabisa kati ya mabwawa matano ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Susu aliona maji yakijaa bondeni akiwa na mtoto mgongoni. Nyaya zikasafiri kuelekea mjini, yeye akaendelea kuwasha koroboi kwa miaka mingi.

Sasa presha ilikuwa imeua figo zake, na alikuwa analala kwangu Nairobi, kwa bedsita yenye kitanda kimoja, ili apelekwe dayalisisi mara mbili kwa wiki katika hospitali moja kubwa. Mimi nililala kwa godoro chini.

Kitu kilichomuumiza zaidi ni kiu. Mgonjwa wa figo hapewi uhuru wa kunywa, maana maji hayana pa kutokea. Yeye aliambiwa vikombe viwili kwa siku, chai ikiwemo. Mtu aliyebeba maji mgongoni tangu utotoni, kamba ikimkata kipaji cha uso, sasa alikuwa anahesabu mafunda.

Siku moja akamuuliza fundi wa mashine inatumia maji kiasi gani. Fundi alifurahi kuulizwa. Akaeleza kwamba kwa kila dakika nusu lita ya maji safi hupita ndani ya chujio, upande wa pili wa damu, ikibeba uchafu. Kwa saa nne, hizo ni lita 120.

"Mitungi sita," Susu akasema papo hapo.

"Na hayo ni yale yaliyopita kwenye mashine, shosho. Kuna mengine." Akatuonyesha chumba cha nyuma. Kabla maji ya mfereji hayajafika kwa mgonjwa, mtambo huyasukuma kwenye utando mwembamba sana. Yanayopenya ndiyo yanayotumika. Yanayobaki, yenye chumvichumvi kidogo lakini ambayo hayajagusa mtu yeyote, yalikuwa yanamwagika kwa bomba moja kwa moja hadi kwenye mtaro. Mchana kutwa.

Susu alisimama pale akitazama. Nilijua anachofikiria. Kwake Kivaa maji ya kuoshea sufuria huenda kwa mpapai. Maji ya kuogea huenda kwa choo. Hakuna maji yanayotumika mara moja.

Mimi nilikuwa naona mabango ya "hospitali ya kijani" pale mapokezi kila wiki. Kulikuwa na picha ya jani na mapipa ya rangi: nyeusi kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa hatari zaidi. Hayo mapipa yana maana kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida tu, kwa hivyo ukizichanganya na zile nyingine unachoma vitu vingi bure. Lakini bango halikutaja lile bomba.

Usiku huo nikafuata njia ya maji kwa ramani. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Ndakaini, kwenye mto Thika. Mto Thika unaelekea Tana, yaani unaelekea Masinga. Yakishatumika, majitaka mengi ya jiji huenda Ruai, kisha mto Nairobi, kisha mto Athi, ambao pia unapita Machakos. Jiji huchota mto mmoja kabla haujafika kwetu, na kaunti yetu hupokea uchafu wake kwa mto wa pili. Katikati ya safari hiyo, yale maji yalimsafisha nyanya yangu. Sijui kukasirika na kitu kama hicho. Bila hilo jiji angekuwa amekufa.

Nilisoma pia kuhusu Geelong, Australia, ambako daktari wa figo John Agar na wenzake walianza kukusanya maji hayo ya bomba la nyuma na kuyatumia vyooni na bustanini. Tangi na mabomba tu. Nikaenda kumwambia fundi kama mtu aliyegundua dhahabu.

Akacheka. "Kuja uone."

Nyuma ya mlango kulikuwa na mitungi ya njano imepangwa. Akina mama wa usafi walikuwa wanaikinga kimyakimya siku za mgao wa maji, ili wapate ya kupigia deki. Hakuna aliyewatuma. Walikuwa vibarua wa kandarasi ya miezi mitatu mitatu, na mmoja aliniomba nisimtaje kwa wakubwa, asije akaambiwa anaiba maji.

Hapo ndipo neno "uendelevu" lilinishika kweli. Hospitali ilikuwa na watu wanaojua kutunza maji, ila haikuwa na hakika kama itawatunza wao.

Kwetu pia hesabu ilikuwa imeanza kugoma. Bima ililipa dayalisisi zenyewe. Haikulipa teksi ya usiku, wala siku zangu za kazi zilizokatwa, wala mbuzi waliouzwa mmoja mmoja. Susu alianza kusema mara moja kwa wiki inatosha. Haitoshi. Tulijua sote.

Tulichookoa nacho ni nafasi iliyopatikana katika kitengo kidogo karibu na nyumbani. Tangu 2015 serikali ilipoanza kukodisha vifaa kwa hospitali za kaunti, dayalisisi si ya miji mikubwa pekee. Analala kwake sasa.

Siku ya kwanza huko aliniita kwa simu. Hakunieleza habari za sindano.

"Nimewauliza kuhusu yale maji," akasema. "Wamesema yanamwagika. Nimewaambia nitakuja na mtungi."