Firigisi ya Baba

Matatu iliondoka Kitale saa moja asubuhi, ikapita Kiminini na kuvuka mto Kamukuywa, mahindi yakiwa yamezizima kwa umande pande zote mbili za barabara. Miongoni mwa abiria alikuwamo mwanafunzi wa uzamili aliyepakata mkoba wenye daftari, kinasa sauti na kilo mbili za sukari. Wenzake darasani walikuwa wamekwisha kwenda Lamu wakarudi. Aghalabu miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili hudhaniwa kwamba anayetaka ukale hana budi kuufuata Pwani, ambako una kuta za mawe na milango ya nakshi. Huyu alikuwa akienda Webuye, kwa bibi yake, katika kijiji kilicho chini ya kilima cha Chetambe. Katika pendekezo lake la utafiti alikuwa ameandika kwamba anakwenda kukusanya maelezo kuhusu kumuse, ile hotuba ndefu itolewayo baada ya mazishi ya mzee wa Kibukusu aliyestahili heshima hiyo.

Lakini mlikuwamo pia ujumbe ambao haukuandikwa popote. Usiku uliotangulia, baba yake, aliyekuwa mgonjwa kwa mwezi wa tatu, alimwita kitandani akamwambia: "Mwambie mama kwamba nitazikwa hapa."

"Hapa" palikuwa ekari tatu karibu na Kiminini.

Kijiji alikikuta kimya. Ukimya huo una tarehe yake. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kuzalisha katikati ya miaka ya 1970, kilifungwa mwaka 2009, na ijapokuwa wawekezaji wengine walikichukua baadaye, vijana wengi wa enzi ile walikwisha kutawanyika. Zamani, kabla mtu hajauona mji, harufu ya kiwanda ilimpokea njiani. Siku hiyo kilichompokea mgeni ni moshi wa kuni na jogoo mmoja mkaidi.

Bibi, ambaye Wabukusu humwita kukhu, alikuwa ameketi kando ya jiko. Alimsalimu mjukuu wake kwa kumwita "kuka", yaani babu, kwa kuwa kijana huyo alirithi jina la marehemu mumewe. Kijana alijibu kwa Lubukusu cha kuchechemea. Alizaliwa na kukulia pembezoni mwa Kitale, mji wa watu wa kila kabila, na lugha aliyoota ndoto zake ilikuwa Kiswahili. Alipofungua kinywa kutoa habari za nyumbani, kukhu aliinua mkono.

"Habari haipewi mtu mwenye njaa," alisema. "Wala haitolewi na mwenye njaa."

Basi ikawa kazi ya kupika, na kazi hiyo ilichukua mchana wote. Kwanza ilikuwa chumvi. Maganda makavu ya maharagwe yalichomwa, majivu yake yakatiwa ndani ya chungu kikuukuu kilichotobolewa kitakoni, yakamiminiwa maji polepole. Chini yalidondoka maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Hayo ndiyo yaliyolainishia majani ya kunde, yakayaacha na ule ukijani uliokolea ambao chumvi ya dukani haiwezi kuuleta. Kisha yakaja maziwa ya mgando, na ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, wa kutafunwa kwa adabu. Mwanafunzi alitaka kuandika vipimo. Kukhu alicheka. Kipimo chake kilikuwa kiganja, na kiganja hakiingii daftarini.

Jogoo yule mkaidi alichinjwa alasiri. Jioni, chungu kilipoepuliwa, kukhu alimpakulia mjukuu paja na mgongo, ila firigisi aliitenga juu ya kipande cha jani la mgomba. Kila aliyelelewa katika nyumba ya Waluhya anaijua imondo: ni ya mwenye mji, au ya mgeni aliyepewa heshima ya mwenye mji. Kijana alingoja kuona itakwenda wapi. Haikwenda popote. Ilisokomezwa kwenye kijiti, ikawekwa juu ya moshi ikauke.

Ndipo alipoutoa ujumbe. Aliutoa kwa Kiswahili, kwa maana Lubukusu kilimtoroka, na kwa kuwa pengine ni rahisi zaidi kumwambia mama wa mtu maneno hayo kwa lugha isiyo ya jikoni kwake. Alieleza na sababu, kama alivyopewa. Mwaka 1992, wakati wa mapigano ya kikabila ya Trans-Nzoia, baba yake aliambiwa na majirani kwamba kwao si pale. Hati ya shamba alikuwa nayo mfukoni. Haikumzuia mtu kuwasha paa la nyumba yake. Tangu hapo aliamini kwamba karatasi inaweza kubishiwa, bali kaburi halibishiwi. Mtoto wake atakayeambiwa aondoke atanyoosha kidole na kuonyesha aliyelala hapo.

Kukhu alisikiliza bila kukatiza. Moto ulipofifia aliuliza swali moja: "Mwaka huo, mlikimbilia wapi?"

Kijana alikuwa hajazaliwa, lakini jibu alilijua. Walikimbilia hapo hapo. Watu kumi na mmoja walilala katika chumba kile kwa miezi minne, na chungu cha chumvi kilikuwa kile kile.

Asubuhi, baba yake mdogo alimpandisha kilimani. Juu ya Chetambe yalikuwako mahandaki ya ngome, ambayo asiyeelekezwa angeyadhania mifereji ya mvua iliyomezwa na vichaka. Mwaka 1895, baada ya ngome ya Lumboka kuanguka, Wabukusu waliendelea kupigana hapa dhidi ya kikosi kilichoongozwa na C. W. Hobley, chenye askari wa Kisudani, Waganda na Wawanga, na chenye bunduki ya Maxim. Mikuki haikufua dafu. Nchi hii wakati huo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, hadi mwaka 1902 mpaka ulipohamishwa na watu wakawa katika himaya nyingine bila ya kutoka nyumbani kwao. Mwaka 1947, Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwapandisha wafuasi wake kilima hiki kuwakumbuka waliouawa. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliipiga dini hiyo marufuku. Hobley alikwisha kuandika kumbukumbu zake kitabuni mwaka 1929. Waliozikwa hapa wanasimuliwa kwa mdomo.

"Walidhani handaki litawafaa," alisema baba mdogo, akirusha jiwe ndani yake. Hakusema zaidi. Alikuwa anajua ujumbe uliokuja, kwa maana nyumba ile haina dari.

Kijana alikumbuka kumuse ya babu yake. Alikuwa na miaka tisa. Mzee mwenye fimbo alikwenda mbele na kurudi nyuma katikati ya umati, akianzia Misri, huko inakosemekana jamii ilitoka, akateremka na wahenga kituo kwa kituo hadi akaufikia ua ule, na hakuna aliyethubutu kupita mbele yake wala kukohoa. Ilimjia sasa, kwa mara ya kwanza, kujiuliza kama msafara huo ungeweza kuendelezwa mpaka Kiminini. Na kama angekuwako mtu wa kuuendeleza. Alikuwa amekuja na maswali ishirini ya utafiti. Hilo halikuwamo.

Aliporudi kuaga, kukhu alikuwa amekwisha kuifunga ile firigisi katika jani kavu la mgomba, pamoja na chupa ndogo ya maji ya majivu. "Ni ya baba yako," alisema. "Haijaliwa na mtu mwingine." Kijana alisubiri ujumbe wa kurudisha. Kukhu alimwambia awahi matatu kabla ya mvua.

Baba alilifungua jani usiku huo, akalinusa kwa muda mrefu. Kwa siku kadhaa alikuwa akila uji tu. Aliomba ugali. Aliikata firigisi vipande vidogo sana kwa kisu, akaila yote, bila kumkaribisha mtu, kama inavyopaswa. Kisha akanyoosha miguu.

"Esimba yangu ingali imesimama?" aliuliza. Ile nyumba aliyoijenga ujanani, kabla ya kuoa.

"Kuta zimesimama. Paa limeliwa na mchwa upande wa mvulini."

"Nani anakaa humo?"

"Kuku anaatamia."

Baba alihesabu jambo fulani kwa vidole, akaomba aletewe simu.