Haramia Asiye na Bahari

Mwalimu wa lugha akishapita miaka arobaini huanza kuota mchana. Wenzangu huota ukuu wa shule. Mimi naota uharamia. Nifikapo insha ya thelathini, kalamu nyekundu mkononi, huwa nimo baharini pamoja na wale Wasomali walioiteka meli ya Faina mwezi wa Septemba 2008, ikielekea Mombasa na vifaru 33 tumboni. Iliachiliwa Februari 2009 kwa fidia ya mamilioni ya dola. Ndotoni sishiki bunduki: naandika barua ya kudai fidia, kwa Kiswahili fasaha.

Na ni nani atakayenilaumu? Mwaka 2022 walimu wa sayansi wa sekondari hapa Uganda waliongezewa mishahara, mwenye shahada akafikia shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa lugha tulibaki tulipokuwa. Mwaka huohuo Baraza la Mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe somo la lazima! Sisi heshima, wao fedha.

Lakini Sikuda haina bahari. Haramia wetu ni wa nchi kavu, naye ni mtu wa magendo. Enzi yake kuu ilianza pale baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ikapanda duniani kote. Mkulima wa Uganda wakati wa Idi Amin alipunjwa, basi kahawa yake ikavuka usiku hadi Chepkube, upande wa Kenya. Wengine walipigwa risasi njiani, wengine walitajirika. Matajiri wa magendo wakaitwa “mafuta mingi”. Hata sarufi ilivushwa bila kibali, maana ilipasa kuwa “mafuta mengi”, lakini ni mwalimu gani angethubutu kuwasahihisha?

Hapa Busia nako, vijana wa baiskeli waliovusha abiria baina ya vituo viwili vya mpaka walituzalia neno “bodaboda”, lililoenea Afrika Mashariki nzima. Nakiri kwa wivu kwamba sijawahi kuipa kamusi neno hata moja.

Mwanafunzi wangu wa zamani hupita njia za panya kwa pikipiki. Anionapo husimama, hunipakia, na nauli huikataa katakata. Juzi nilimwuliza guniani mna nini. Akanijibu kwa Kiswahili sanifu, kile nilichomfundisha mwenyewe:

“Mwalimu, hilo halimo katika mtihani.”