Niliikimbia cherehani ya mama, ndiyo ikanilipia deni!

Kila wiki nazungumzia visa vya wenzangu, leo naomba niseme cha kwangu mwenyewe, tena cha aibu. Kama hapo kijiweni kwenu kuna mtu anahangaika na kibiashara chake kinachopumulia mashine, msomee kwa sauti.

Mimi ni mtoto wa Karatu. Kwa asiyepajua, ndio mji wa mwisho wenye pilikapilika kabla gari halijafika lango la Lodoare na kuanza kupanda kwenda Ngorongoro. Tangu lami ya kutoka Makuyuni ifike mwanzoni mwa miaka ya 2000, magari ya watalii yanatupita mlangoni toka alfajiri. Ukikua unayaona hayo kila siku, akili inakwambia kitu kimoja tu: pesa anayo Mzungu, basi mkimbilie Mzungu.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017. Matokeo tuyaache yapumzike. Mama yangu ni fundi cherehani, na mimi darasa la saba tayari nilikuwa nabadili zipu ya suruali huku napiga soga. Majirani walileta mikoba, mabegi ya shule, hata viti vya bodaboda vilivyochanika. Nashona, wananiambia "asante mwanangu", yamekwisha. Lakini ungeniuliza nafanya kazi gani, ningekujibu niko niko tu, natafuta. Fundi cherehani, mimi? Niliona ni kazi ya akina mama wa barazani. Mimi nilitaka mshiko wa chapuchapu.

Mwaka 2019 nikaingia kikoba, nikakopa laki sita, nikapanda basi hadi Arusha kununua vinyago. Kwa nini vinyago? Kwa sababu jirani yangu aliuza vinyago na alikuwa amejenga. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote, wala sikuficha kitu.

Sasa subiri kasheshe. Mtalii anashika kinyago, anauliza kimechongwa wapi, na nani, ni mti gani. Jirani yangu anatoa hadithi ya Wamakonde na mpingo mpaka mtu anasahau bei. Mimi nimesimama kama mlingoti. Kiingereza changu kinaanza na salamu na kuishia hapohapo, na kubembeleza mteja sijui, nasikia haya. Wiki nzima nauza kinyago kimoja, tena kwa bei ya kutupa.

Tarehe 16 Machi 2020 ikatangazwa Korona imeingia nchini, na mwezi uliofuata ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Barabara ikawa kimya mpaka mbwa walilala katikati ya lami. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Korona imeniua, bwana wee!" Lakini leo nasema ukweli: Korona ilikuta maiti. Duka lile lilikuwa limekufa zamani.

Je, nilijifunza? Wapi! Mkopo ule mama alinisaidia kuumaliza kwa kushona sare za shule. Mwaka 2022 nikakopa tena, safari hii laki tano, dhamana ikiwa cherehani yenyewe ya mama. Biashara: chipsi. Kwa nini chipsi? Kwa sababu kijana wa kona alikuwa anapata foleni. Na mimi kupika sijui! Chipsi zangu zilikuwa laini kama ugali wa mgonjwa. Mwaka huohuo bei ya mafuta ya kula ikapanda kweli kweli, na kila dumu jipya lilinikuta sina faida ya lile la zamani.

Nikakosa rejesho la kwanza, la pili, la tatu. Kila rejesho lilikuwa shilingi 15,000, kwa hiyo deni la haraka likawa 45,000. Siku ya Alhamisi mama mwenyekiti akaja nyumbani. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kukaa. "Mwanangu, mimi sina ubaya na wewe. Kesho saa nne tukikosa hela, tunabeba cherehani. Ndivyo tulivyoandikishana."

Mama hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Aliinuka akafunika cherehani yake kwa kitenge, kama mtu anayemfunika mtoto. Msomaji, cherehani ile ndiyo iliyonisomesha.

Usiku huo kama saa mbili, gari la safari likasimama nje. Dereva akateremka anahema. "Dada, nimeelekezwa hapa. Nina mahema manne, zipu zote zimegoma. Kesho saa kumi na moja alfajiri tunaondoka, na usiku wageni wanalala kambi ya Simba."

Kwa mliozoea joto la Dar: kambi ya Simba ipo juu kabisa kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Usiku baridi yake inauma mfupa, na tembo wanaweza kupita katikati ya mahema kama wapangaji wenzako. Hema lisilofunga huko si jambo la mchezo.

Nikayatandaza mahema uani. Mkono ukajua kazi kabla ya kichwa. Watu hudhani zipu ikigoma basi meno yamekufa, wananunua mpya. Mara nyingi mgonjwa ni kile kichwa kinachotembea: kimepanuka, hakibani tena. Vumbi letu jekundu la Karatu likiingia humo linasaga kama msasa. Nikapiga mswaki meno yote, vichwa viwili nikavibana taratibu kwa koleo, nikapaka mshumaa viteleze. Mahema mawili yaliyobaki yalihitaji zipu mpya kabisa, nikazitoa kwenye akiba ya mama, nikaweka sindano namba 18 na uzi wa nailoni. Umeme ukakatika. Cherehani ya kukanyaga haijui Tanesco, mama akanishikia tochi ya simu. Saa tisa usiku nikamaliza.

Alfajiri dereva akafungua, akafunga, akafungua, akacheka mwenyewe. Akanihesabia shilingi 40,000, elfu kumi kila hema. Zilipungua elfu tano. Mama akafungua pindo la khanga yake, akaongeza. Saa nne mama mwenyekiti alikuta hela mezani na cherehani ipo mahali pake.

Wiki ile ile madereva wengine wawili wakaja. Madereva wanaongea, msomaji! Hapo ndipo nilipogutuka: miaka yote nilikimbizana na mtalii, kumbe mteja wangu alikuwa aliyembeba mtalii. Chipsi nikafunga, karai nikauza, mkopo nikaumaliza kwa zipu na turubai.

Kama hutaki kunisikiliza mimi, nenda Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi. Wahunzi wa Kidatoga wanayeyusha makufuli mabovu na vyuma chakavu, wanatengeneza bangili na ncha za mishale. Wahadzabe wanachukua mishale, wanatoa asali. Mhunzi hapandi mbuyu kutafuta nyuki, na Mhadzabe hafukuti moto wa chuma. Kila mmoja anashika analolijua, na wote wanakula. Hata Peter Drucker, yule mtaalamu wa uongozi aliyezaliwa Austria akaenda kupata jina Marekani, alilisisitiza hilo katika makala yake ya mwaka 1999: mtu hujenga kazi juu ya anachokiweza, si juu ya anachokosa. Wahunzi wa Eyasi hawakuhitaji kumsoma.

Sasa usinielewe vibaya. Kujua kitu peke yake hakutoshi. Mafundi wa magauni Karatu wapo tele, na mitumba inawabana. Ningeng'ang'ania magauni ningelia tena. Nilichofanya ni kuchukua ninachokiweza na kukipeleka penye pengo. Tena kalenda yangu ikawa kinyume na ya wenzangu. Masika ya Aprili na Mei, wageni wachache, mji unapiga miayo, mimi ndio nabanwa, maana makampuni yanaleta mahema yatengenezwe kabla ya msimu wa Juni.

Na udhaifu wangu je? Upo palepale. Kudai hela bado naona haya. Nimempa daftari mdogo wangu wa kiume, huyo anamdai mtu bila kupepesa jicho, na analipwa kwa kazi hiyo. Sikupoteza miaka kujifunza ukali nisiozaliwa nao.

Ukitaka kujua nguvu yako iko wapi, jiulize swali moja: watu huja kukuomba nini bure? Hicho wanachokugongea mlango saa mbili usiku, wakaondoka na "asante" tu, ndicho cha kukipigia hesabu. Mimi nilibeba mtaji huo miaka mitano bila kujua, nikaenda kukopa wa kununulia vinyago.

Wiki iliyopita dada mmoja alinifuata, eti nimshonee sare za kamati ya harusi, watu 30. Hela nzuri, mate yakanitoka. Nikamwelekeza kwa mama. Mimi nikarudi kwenye turubai langu.

Mwacha asili ni mtumwa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, hapahapa.